Mkono wa Upande wa Ukuta

9 Machi

Mama mdogo,

Shikamoo. Wote hapo nyumbani wapokee salamu zangu, mama akiwa wa kwanza, halafu babu, ambaye naomba umweleze kwa mara nyingine kwamba hoki ni ile ya magongo, siyo ile ya kutumbukiza mpira kwenye kikapu. Siku naondoka nilimsikia akimhadithia jirani, na gari lilikuwa linaondoka, nikashindwa kumsahihisha.

Mimi mzima. Chumba chetu kiko juu ya stoo ya kiwanda: vitanda viwili, dirisha moja linaloangalia malori yakipakia magodoro. Kichekesho ni kwamba tunatengeneza magodoro kutwa na sisi tumepewa yale ya zamani yenye bonde katikati. Ninayelala naye chumba kimoja ni mgeni kama mimi. Tunamwita Mrefu, na ukimwona hutauliza kwa nini. Asubuhi tunakata sponji, vumbi lake linaingia puani mpaka unapiga chafya usingizini. Mchana ni mazoezi. Klabu ni ya kiwanda, kwa hiyo ukiachwa na timu umeachwa na kazi pia. Mimi na Mrefu tuko kwenye majaribio mpaka mwisho wa msimu, na nafasi ni moja tu. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mtu mbaya, lakini siyo.

Uwanja hapa ni zulia la kijani. Kabla ya mechi linamwagiwa maji, halafu mpira unateleza juu yake bila kurukaruka hata kidogo. Siku ya kwanza nilisimama pembeni nikiuangalia tu kama mshamba, na kweli nilikuwa mshamba.

Sasa nikueleze lililonipata. Kwenye mechi yetu ya kwanza, mpira ulinigusa mguu ndani ya duara letu la goli. Ni kosa, lakini hakuna aliyeona. Marefa hapa ni wawili, kila mmoja na nusu yake ya uwanja, na yule wa upande wetu alikuwa amezibwa na watu. Mimi nikainua mkono. Wallahi sikufikiri, mama mdogo. Mkono ulipanda wenyewe kama kule kwetu. Refa akanitazama, akaushangaa ule mkono, ndipo akapuliza filimbi. Wakapewa kona fupi, ile adhabu ambayo wenzangu wanne na kipa wanabaki kwenye mstari wa goli wakisubiri kupigwa, na wakafunga. Lilikuwa goli pekee la mechi.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo kocha hakupiga kelele. Alisimama mbele yangu akasema, "Naam, mwanafunzi. Ulikuwa na swali?" Watu wakavunjika mbavu. Sasa hilo ndilo jina langu, Mwanafunzi. Hata mama wa kantini ananiita hivyo, na kwenye mechi ile hakuwepo.

Simu najua huipendi, unasema mpaka ikufikie imeshapita kwenye masikio ya nyumba nzima. Basi niandikie.

Mwanao


28 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sote wazima. Mama yako ametangaza mtaa mzima kwamba unachezea timu kubwa, na sasa wateja wangu wa dobi hawaniulizi tena nguo zao ziko tayari lini, wanakuulizia wewe. Babu nimemweleza. Amesema anajua, ila haelewi mnapitishaje gongo kwenye kikapu. Nimemwachia hapo hapo.

Pasi yangu kubwa imekufa. Natumia ndogo, kazi inakwenda kwa mwendo wa konokono.

Habari ya mkono nimeisoma. Umeniandikia kana kwamba umeiba. Nikukumbushe ulipotoka, maana naona zulia limekupanda kichwani. Uwanja wetu una barabara upande mmoja na ukuta wa bohari upande wa pili. Nyinyi mlikuwa timu mbili nzima za watoto wenye midomo, na refa nilikuwa mimi peke yangu, na nguo za watu zinanisubiri kwenye beseni. Ningekimbia huku na kule mara ngapi? Ndiyo maana nikaweka sheria: mpira ukikugusa mguu, unainua mkono mwenyewe. Hasa upande wa ukuta. Ni adabu. Asiyeinua anakaa nje. Wewe ulikaa nje mara moja tu, ukalia, na baada ya hapo sikukutoa tena.

Wamekucheka, haya, umekufa? Mbona unaandika barua. Mkono ulipanda wenyewe, na mimi nimefurahi. Kati ya yote niliyokufundisha ni hilo pekee hukunibishia.

Kula vizuri. Huyo Mrefu msalimie.

Mama yako mdogo


20 Aprili

Mama mdogo,

Shikamoo. Natumaini pasi imepata fundi. Mama mwambie viatu alivyonitumia vimenitosha, ila apunguze kuwatangazia watu, maana kwa sasa ninachochezea ni benchi.

Ndiyo hivyo. Niliinua tena mechi iliyofuata, na iliyofuata hiyo. Kila mara kona fupi, na moja ikawa goli. Baada ya hapo kocha akaniweka nje. Aliniita ofisini kwake, yaani kwenye kiti cha plastiki karibu na tangi la maji, akaniambia, "Sijaona mgeni anayeona pasi mapema kama wewe. Mpira haujakufikia na wewe umeshajua unakwenda kwa nani. Kitu hicho mimi siwezi kumfundisha mtu. Lakini pia sijaona timu inayofungwa na mkono wa mtu wake mwenyewe." Nikamwambia mpira ulinigusa kweli. Akasema, "Kwani nimekuita mwongo? Kuona ni kazi ya refa. Wewe kazi yako ni kucheza mpaka filimbi ilie."

Basi akaleta dawa yake. Kwenye mazoezi alinifunga kifundo cha mkono kwenye gongo kwa kamba ya kiatu. Mpira ukanigusa, mkono ukapanda, gongo nalo likapanda na mkono, likamtandika Mrefu kidevuni. Akashonwa. Nilimwomba radhi mpaka akachoka kunisamehe.

Sasa mama mdogo, nakuomba kitu, na ukijibu barua hii jibu hili kwanza. Niruhusu niushushe. Hapa hakuna anayeinua. Nimewachunguza wote, timu zote: mpira ukiwagusa wanakaza uso na kukimbia. Wala siyo watu wabaya, Mrefu mwenyewe hainui. Kujilazimisha nimejaribu, nimeshindwa. Nahisi wewe ukisema utashuka, usiposema utaendelea kupanda, nami nitarudishwa nyumbani msimu ukiisha. Neno moja tu linanitosha.

Mwanao


2 Juni

Mama mdogo,

Shikamoo. Sijui kama barua yangu ya mwezi wa nne ilifika. Kama haikufika, nilikuomba jambo, nitaliandika tena. Kama ilifika, basi.

Kidevu cha Mrefu kimepona. Juzi amefunga magoli mawili, na kocha akampigia makofi mbele ya watu. Mimi nilipewa dakika chache za mwisho. Nilipiga pasi moja nzuri sana, na mguu ukaguswa mara moja, katikati ya uwanja, mahali pasipo na hatari. Nadhani unajua nilifanya nini.

Niandikie hata kama ni kunigombeza.

Mwanao


17 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilifika, zote zilifika. Nilikuwa na kazi nyingi.

Mama yako anakohoa lakini siyo kifua, ni vumbi la kufagia kwa hasira. Amegombana na jirani kuhusu kamba ya kuanikia. Babu amenunua miwani sokoni bila kupimwa, anasema inamfaa, na jana amemsalimia mgomba. Pasi kubwa imetengenezwa. Niliunguza kola ya shati la mteja, upande wa kushoto, nikaligeuza kola nikalishona upya. Hakugundua.

Sasa nikuulize. Barua zako nimezipanga mezani, nikazisoma tena. Kote ni mkono, mkono, mkono. Miguu hujaisema hata mahali pamoja. Mtu anayeinua mkono kila mechi ina maana mpira unamgusa kila mechi. Mbona hao wengine hauwagusi kiasi hicho? Tuseme wanaficha. Hata kuficha kuna kiwango.

Kwetu hapa ni kokoto. Mpira ukija unaruka, hujui utaelekea wapi, kwa hiyo tangu mdogo ulizoea kubana miguu pamoja nyuma ya gongo, ukipita gongoni ukutane na mguu. Nilikuwa nakuona. Huko mpira hauruki, umesema mwenyewe. Unabana miguu ya nini? Simama pembeni, uache uje mbali na wewe, uupokee mbele. Mpira usipokugusa, hoja ya mkono haitakuwepo.

Lile uliloniomba nimelisoma. Kwa sasa sina la kusema.

Mama yako mdogo


4 Agosti

Mama mdogo,

Shikamoo. Nimecheka habari ya mgomba mpaka Mrefu akaniuliza kulikoni, nikamsomea, naye akacheka. Mwambie babu miwani aihifadhi, nikirudi nitampeleka akapimwe.

Barua yako ilinipa aibu kidogo. Nilikwenda kwa kocha nikamwambia, nadhani tatizo langu ni miguu. Akanikodolea macho. Kumbe miezi yote ile alikuwa akinipigia kelele "Miguu! Miguu!" kila siku ya Mungu, mimi nikadhani ananiambia niongeze mbio. Ndiyo maana nilikuwa nakimbia kama kichaa. Alishika kiuno akacheka peke yake.

Sasa kila jioni Mrefu ananipigia mipira, nami niko pekupeku. Hilo ni wazo langu. Ukiguswa mguu mtupu na mpira wa hoki hutasahau. Wiki za mwanzo nilikuwa natembea kiwandani kwa kuchechemea, mkuu wa zamu akauliza kama nimeangukiwa na mashine. Mrefu hana lazima ya kunisaidia. Nilimuuliza kwa nini anafanya hivyo, akasema anataka nafasi aipate kwa kunishinda, siyo kwa kunionea huruma. Halafu akapiga mpira kwa nguvu zaidi.

Mama mdogo, nimebadilika. Mwenyewe najiona. Mpira ukija mbele yangu, mbali na miguu, napata nafasi ya kuinua kichwa, na nikiinua kichwa naona uwanja mzima. Nimeanza mechi nne mfululizo. Mkono umepanda mara moja tu katika hizo zote, na kocha hakunitoa.

Jambo lingine. Mrefu alipoteza ufunguo wa chumba, nikaenda kuchongesha mwingine. Mchonga funguo, kibanda chake kiko nyuma ya stendi, kumbe ndiye yule refa wa mechi ya kwanza! Nusu ya mechi zetu anachezesha yeye. Akanitambua. "Wewe ndiye Mwanafunzi," akasema. "Ukiwa upande wangu mimi napumzika. Nikizibwa na watu nakuangalia wewe. Usipoinua, basi hakuna kitu, mchezo uendelee." Na pesa ya ufunguo akakataa kabisa. Nilirudi nikiwa nimevimba kichwa.

Mwanao


30 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya tatu nimewasomea mama yako na babu. Mama yako alilia, lakini huyo hulia hata akikuta sukari imepanda bei.

Mimi filimbi nimeiweka chini. Watoto wamepata refa kijana, ana filimbi ya plastiki, anapuliza mpaka mbwa wanabweka. Mkono hawainui tena, wanabishana naye. Mimi napita zangu na kapu langu la nguo.

Huyo mchonga funguo ni mtu wa maana. Msalimie, umwambie salamu zimetoka kwa refa mwenzake.

Miguu endelea nayo.

Mama yako mdogo


11 Oktoba

Mama mdogo,

Shikamoo. Natumaini wote hamjambo.

Msimu umeisha. Mechi ya mwisho tulishinda. Nafasi wamenipa mimi, mkataba nitasaini mwezi ujao. Mwambie mama awatangazie watu sasa, nimemruhusu.

Mrefu amerudi kwao. Nilimbebea begi mpaka stendi.

Kazi inaendelea kama kawaida. Nimehamia kitanda cha dirishani.

Mwanao


25 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba, na hongera. Mama yako hakungoja nimalize kusoma, alishatoka nje. Babu amesema alijua tangu zamani kwamba utaweza, una urefu wa kufikia kikapu.

Nami nimefurahi. Nilikaa chini, nikaiacha pasi juu ya nguo mpaka ikaanza kunuka moto. Tangu uondoke nilikuwa na hofu kwamba utarudishwa na watu waseme ni mimi niliyekuharibu. Hilo sikukuandikia.

Lakini barua yako nimeishika hivi, nimeigeuza, nyuma hakuna kitu. Wewe uliyeniandikia ukurasa mzima juu ya kona fupi moja umeniandikia mechi ya kukupa maisha kwa maneno manne. "Mechi ya mwisho tulishinda," yaani maneno ya mtu anayejibu askari. Nani alifunga? Wewe ulicheza wapi? Kidole kimekuuma au kuna nini?

Niliwachezesha watoto miaka mingi. Anayenyamaza baada ya kushinda namjua.

Mama yako mdogo


9 Novemba

Mama mdogo,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara kadhaa. Salamu kwa wote, habari za nyumbani nitauliza siku nyingine.

Tulikuwa tunahitaji ushindi. Ilikuwa sare tasa, muda umekaribia kuisha, na refa wa upande wetu alikuwa mchonga funguo. Walishambulia. Mpira ulipigwa kuelekea goli letu, nami nikauzuia, na katika kuuzuia ukanigonga mguu. Siyo kugusa. Ulinigonga kwenye kidole gumba, bado kina weusi. Mbele ya refa kulikuwa na watu watatu, mmoja wao Mrefu, na Mrefu peke yake anaziba mlango.

Refa hakuona. Nilimwona ananyoosha shingo. Halafu akafanya kile alichoniambia kibandani, akaniangalia mimi. Usoni, macho kwa macho. Washambuliaji wao walikuwa wanapiga kelele "Mguu! Mguu!" na yeye hakuwasikiliza, alikuwa ananingoja mimi.

Mkono haukupanda. Sikuulazimisha kubaki chini, na hilo ndilo linalonisumbua. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye gongo, imetulia, kama mikono ya mtu mwingine. Akasubiri kidogo, halafu akapunga mikono yote, maana yake hakuna kosa, cheza. Nikainua kichwa, nikaona nafasi kule mbali, nikapiga pasi. Kocha anasema ni pasi bora aliyoiona msimu mzima. Tukaenda nayo, tukafunga, filimbi ya mwisho ikalia. Wakanibeba.

Kocha alinikumbatia akanong'ona, "Umekua sasa." Aliona, mama mdogo. Alikuwa amesimama upande ule. Mrefu naye aliona, mpira ulipita kati ya miguu yake. Stendi sikusubiri aseme, nikamwambia mimi, ulikuwa mguu. Akasema anajua. Akasema hata yeye asingeinua, kwa hiyo hana la kunilaumu, ila alidhani mimi ningeinua. Kisha akapanda gari.

Wale washambuliaji walikuwa wanasema kweli wote, na refa akaniamini mimi, kwa sababu msimu mzima sikumdanganya. Hiyo ndiyo iliyotupa ushindi. Kona fupi zote nilizowapa wapinzani zililipwa siku ile kwa mara moja.

Ningekuwa na ruhusa yako ningesema nilifuata ulichosema. Hukunipa.

Mwanao


20 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Wote wazima.

Safari hii sikuchelewa, kama unavyoona. Nakueleza jambo ambalo hata mama yako halijui, na akilijua atanipeleka hospitali kwa makelele.

Jicho langu la kushoto halioni kitu. Linaona mwanga na kivuli, basi, na ni tangu wewe hujazaliwa. Pale uwanjani nilikuwa nasimama barabara iko kulia kwangu, upande wa ukuta uko kushoto kwangu. Upande wa ukuta sikuwa naona. Niliwasikia tu mkikimbia. Niliwaambia mkono ni adabu kwa sababu mngejua habari ya jicho mngelichezea, watoto hamna huruma. Basi kila purukushani ikitokea kule, nilikuwa nageuza kichwa namtafuta mtu mmoja ambaye najua atainua. Miaka ya mwisho mtu huyo ulikuwa wewe. Ukiinua napuliza. Usipoinua nasema chezeni, kwa sauti kubwa, kama niliyeona kila kitu.

Kwa hiyo nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama mahali pa huyo mchonga funguo. Imeniuma. Sitakuficha.

Ulipoomba ruhusa sikujibu kwa sababu nilitaka upate kazi. Ningekujibu kama mama yako ningesema ushushe, haraka sana. Ningekujibu kama refa ningesema la. Nikaona ninyamaze, nikakuandikia habari ya miguu. Na miguu yako imepona, hilo ni lako, hakuna wa kukunyang'anya. Kazi umeipata kwa miguu hiyo, hata bila mechi ya mwisho huenda ungeipata. Hatutajua.

Mkataba saini. Usijifanye mtakatifu ukarudi hapa kunikalia jikoni, Mrefu hataitwa kwa sababu wewe umesusa. Lakini nenda kibandani kwa huyo mtu. Mwambie ulikuwa mguu. Halafu mwambie kama aendelee kukuangalia au aache. Hilo chagua wewe, sitakuchagulia, una ndevu sasa. Asiendelee tu kudhani.

Mama yako mdogo


6 Desemba

Mama mdogo,

Shikamoo. Habari ya jicho nimeisoma peke yangu na barua nimeichana, mama hataipata kwangu. Ila nikija likizo tutakwenda hospitali wewe na babu pamoja, na hutanibishia.

Nilisaini Jumatatu. Jumanne baada ya zamu nikaenda kibandani. Alikuwa na mteja, nikasubiri. Mteja alipoondoka nikamwambia, "Mechi ya mwisho, ulikuwa mguu."

Hakuacha kazi. Alikuwa anapiga tupa ufunguo, anaupiga, anaupuliza, anautazama kwenye mwanga. "Nilikuangalia," akasema.

"Najua."

"Nikakuona umeshika gongo."

"Ndiyo."

Akaupiga tupa tena kidogo, akaujaribu kwenye kufuli lake, likafunguka. Nikamwambia aendelee kuniangalia, nitainua, halitatokea tena. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi hilo neno njia nzima. Akaniambia, bila hasira hata kidogo, "Asante kwa kuja. Wengine hawaji. Lakini kuanzia sasa nitaangalia mpira tu." Kisha akaniuliza kama nina ufunguo wa kuchongesha. Nikasema sina. Salamu zako nilizozibeba tangu mwezi wa nane sikumpa, nikaona siyo siku yake.

Jana tulicheza mechi ya kirafiki na alikuwa upande wangu. Kipindi cha pili mpira ulinigusa, kidogo sana, kwenye soli, karibu na duara letu. Nikainua mkono. Ulipanda wenyewe, mama mdogo, nilifurahi kuuona. Alikuwa amezibwa. Akachutama, akautafuta mpira katikati ya miguu ya watu, hakugeuka kwangu hata mara moja. Akapunga mikono, cheza. Wenzangu wakakimbia, wapinzani wakakimbia, na mimi nikabaki nimesimama pale na mkono juu, mchezo ukanipita.

Mwanao